Kifusi cha Saba Saba

Mji ukiamua kumsifu mtu, haumuulizi kwanza kama anataka. Mwaka wa sabini na nne Mbeya iliamua kumsifu Chishimba, kijana wa Kizambia aliyekuja kufanya kazi katika karakana ya reli mpya. Hata mama wauza viazi wa Uyole, ambao hawajawahi kuuona mpira wa kikapu kwa macho yao, walijua kwamba mjini yuko Mzambia anayepaa.

Abrahamu aliyasikia hayo akiwa ameinamia cherehani yake barazani kwa Jayantilal, muuza vitambaa. Kushona ilikuwa riziki yake. Timu ya mpira wa kikapu ya mji ilikuwa mapenzi yake, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake tangu mwanzo. Kutoka barazani pale aliona kiwanja chote na nguzo zake mbili za mkaratusi, na jioni, wachezaji wakishatawanyika, aliendelea kuusikia mpira ukidunda. Aliinua kichwa. Kiwanja kitupu. Akikanyaga cherehani kwa nguvu sauti ilimezwa. Akiinua mguu, ilirudi.

Hakumwambia mtu. Lakini mama yake, Severina, ambaye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, alimuuliza jioni moja wakila: "Huyo anayedunda mpira ni nani?"

"Ni Mzambia, mama."

"Namsikia huyo Mzambia. Nauliza yule mwingine, anayebaki wenzake wakienda nyumbani."

Abrahamu aliweka tonge chini.

Katika nyumba ile jina la Jailos lilitamkwa kwa nadra. Alikuwa mdogo wake Abrahamu, na kabla ya Chishimba yeye ndiye aliyekuwa kipenzi cha mji. Watu walimwimbia wakimpita njiani. Mwaka wa sitini na saba walimpeleka Iringa kwenye mechi ya kila mwaka, wakiapa kwamba Wahehe hawajawahi kuona kitu kama kile. Jailos aliruka. Mpira ukagonga pete ya chuma kwa chini, ukamrudia usoni. Watu wakacheka. Akaruka tena, mkono wake haukufika, na alivyozidi kuruka ndivyo kicheko kilivyozidi. Wakati wa kurudi, lori liliposimama Igawa penye daraja, alisema anakwenda kuchimba dawa, kama wasafiri wanavyoita kujisaidia, akaingia majani marefu. Hakurudi. Walimtafuta kando ya mto Mbarali, wakauliza kwa Wasangu na kwa wafugaji Wasukuma waliokuwa wameanza kuhamia bondeni na ng'ombe wao. Hakuna aliyemwona.

Basi mji ukatafuta maneno ya kujifariji. Wengine walisema alirogwa. Wengine walisema alikula rushwa ya watu wa Iringa, akakimbilia Zambia, na sasa anaishi raha huko. Hakuna aliyesema kwamba mji wenyewe ulimpeleka. Severina alikataa kuweka matanga. "Sina nilichokizika," alisema, na miaka ikapita hivyo hivyo, kaburi halipo na mtu hayupo.

Chishimba alipofika hakujua kitu. Mpira ulikuwa ukimgonga kifuani kama gunia. Alikuwa na heshima, kila akielekezwa aliitikia kwa lugha ya kwao, "Eya mukwai," yaani ndiyo bwana, kisha akakosea tena. Wenzake wakamwita Eya Mukwai. Lakini alikuwa na bidii ambayo Abrahamu aliipenda, na masika yalipokwisha alikuwa amejifunza kudaka, kugeuka na kutoa pasi bila kutazama. Hayo yalikuja polepole, kama vitu vya kweli vinavyokuja. Mji haukuyatazama.

Kisha ikaja Saba Saba, sikukuu ya chama, na baada yake Chishimba akaanza kupaa. Ghafla tu. Jana alikuwa akiigusa pete kwa ncha za vidole. Leo aliupeleka mpira juu akautumbukiza kwa mkono, kama mtu anayeweka kopo rafuni. Kiwanja kililipuka. Wazee walisema alivyopangusa viganja vyake kwenye nguzo kabla ya kukimbia ni Jailos mtupu. Mwanamke mmoja alisema waziwazi kwamba Jailos amerudi katika mwili wa kigeni, ndiyo maana katoka Zambia.

Abrahamu alipiga makofi na wengine. Lakini makofi yake yalikuwa na baridi ndani. Mtu hujifunza kusoma kwa siku moja? Hata mahindi yana siku zake.

"Mbona umenuna, fundi?" Jayantilal alimuuliza akitafuna karafuu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa timu, na tangu Saba Saba hakuuza kitambaa bila kumtaja Chishimba. "Mungu amekupa almasi, wewe unaitazama kama kokoto."

"Naogopa, Bwana Jayantilal."

"Unaogopa kushinda? Watu wa Mbeya bwana! Iringa atakuja mtu kutoka Dar es Salaam kuchagua vijana wa kwenda kujifunza zaidi. Nimeshamwambia: tunaye kijana, mpe macho yako tu. Wewe shona fulana."

Abrahamu akaenda kiwanjani na utepe wake kuwapima vijana. Alipofika kwa Chishimba, mikono yake ilimtangulia. Kifua, bega, urefu kutoka shingoni hadi nyonga: alivijua kabla utepe haujasema. Mwili wa kwanza aliojifunzia kushona ulikuwa wa Jailos, na fundi hasahau mwili wa kwanza. Huyu alikuwa Jailos kwa kila inchi.

"Mwalimu, huangalii utepe," alisema Chishimba.

"Nimeshapata. Nenda."

Kijana akaenda akaiegemea nguzo, akajikuna mgongo kama ng'ombe. Hapo Abrahamu akaona kitu kilichomfanya asahau utepe mkononi.

Mwaka wa Jamhuri, wa sitini na mbili, yeye na Jailos walipozisimamisha nguzo zile, Jailos alikuwa ameshamaliza kurefuka. Alisimama wima penye nguzo hiyo hiyo, akachanja kwa kisu mstari usawa wa chuchu yake, akapigia kelele vijana wenzake: "Hii ndiyo saini yangu! Atakayenifikia kifua aje apime hapa!" Mstari ule bado ulikuwapo, mweusi kwa oili chafu iliyopakwa kuzuia mchwa. Lakini haukuwa penye kifua cha Chishimba. Ulikuwa penye mkanda wa suruali yake.

Watu wawili wa kimo kimoja, alama moja. Ama maiti amefupika, au nguzo inazama.

Abrahamu alisubiri vijana waondoke. Chini ya nguzo ile palikuwa na jiwe bapa ambalo zamani wachezaji walilikalia kufunga kamba za viatu. Lini aliliona mara ya mwisho? Hakukumbuka. Alipiga magoti, akachimba kwa mkasi wake wa kukatia nguo, yeye ambaye hakuruhusu hata mkewe aukatie karatasi. Changarawe ilitoka, kisha udongo mwekundu, kisha changarawe ya zamani zaidi. Mkono wake ukaingia karibu hadi kiwiko ndipo mkasi ukagonga kitu kigumu. Alipapasa. Uso wa jiwe ulikuwa laini na baridi, kama paji la mtu aliyelala. Aliuondoa mkono upesi.

Sasa alielewa, na kuelewa kule hakukumpa raha. Kila mwaka, masika yakiisha, kiwanja kile huwa tope tupu. Na kwa kuwa ngoma na gwaride la Saba Saba hufanyika pale pale, kila mwaka mabalozi huwatoa watu wa nyumba zao kumi kujitolea, na kifusi humwagwa na kushindiliwa hadi pakauke. Mwaka huu, chama kilipotimiza miaka ishirini, kifusi kililetwa kwa malori. Ardhi ilipanda. Nguzo zilibaki pale pale, na pete zikazidi kukaribia ardhi. Na Abrahamu mwenyewe, kila mwaka, alikuwa mbele na karai begani, akiongoza nyimbo.

Akawakumbuka Wahehe, ambao kila walipokuja walirusha mipira ikapita juu ya pete, nao watu wa Mbeya wakacheka kwamba wamelewa ulanzi, pombe yao ya mianzi. "Kikapu cha kwenu kitamu," mmoja wao alisema wakati fulani, "lakini kama kimekaa vibaya." Walidhani ni kisingizio cha aliyeshindwa.

Jailos hakurogwa. Hakula rushwa, wala hakuwa mwoga. Mji ulikuwa umeinua ardhi chini ya miguu yake ukamwambia amerefuka, na alipofika penye sementi ya Iringa, ambayo haiongezwi wala haipunguzwi, alijikuta yeye alivyo, peke yake, mbele za watu.

Kesho yake alimweleza Jayantilal. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango wa duka.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi ishie hapo." Alipunguza sauti. "Fundi, nguo ikimkaa mtu vizuri, unamwambia ni makosa ya mkasi? Kijana ana moyo. Huo moyo ndio utamrusha. Ukimwambia ni udongo, utamvunja miguu wewe mwenyewe."

"Jailos pia alikuwa na moyo."

Jayantilal akatazama upande. Naye alikuwamo katika lori lile. "Watu watasema una wivu," alisema. "Watasema hutaki Mzambia ampite marehemu wako."

"Mama hataki aitwe marehemu," alisema Abrahamu, akatoka.

Siku tatu hakwenda kiwanjani. Ni rahisi kunyamaza. Kunyamaza hakuna adhabu ya papo hapo, na uongo ambao mji mzima unaupenda hauonekani kuwa uongo, unaonekana kuwa sikukuu. Angeweza kungoja. Pengine Chishimba angeruka kweli. Lakini jioni ya siku ya tatu mpira ulidunda tena kiwanjani palipokuwa patupu, ukadunda ukikaribia baraza, ukakoma mbele ya cherehani, kama mtu anayengoja kujibiwa. Abrahamu alikaa na sindano mkononi.

Asubuhi, umande haujakauka, alikwenda na sululu na beleshi akachimba chini ya ile nguzo. Alichimba duara pana la kutosha mtu kukimbia na kuruka, hadi jiwe likajitokeza lote na sehemu ya kukanyaga ikawa ile ya mwaka wa Jamhuri. Chishimba alifika na mpira wake kwapani, akasimama ukingoni.

"Mwalimu! Unazika nani?"

"Nafukua. Shuka huku, simama penye nguzo."

Kijana alishuka. Mstari wa kisu ukawa usawa wa chuchu yake, sawasawa, na Abrahamu alilazimika kugeuza uso.

"Hiki ndicho kimo cha kweli, na ndicho cha Iringa. Sasa ruka."

Chishimba alitabasamu kama mtu anayefanyiwa mzaha. Alipangusa viganja kwenye nguzo, akakimbia, akaruka. Mpira uligonga pete kwa chini ukamrudia usoni.

Sauti ile! Abrahamu aliifahamu. Ilikuwa imelala ndani ya masikio yake tangu Iringa.

Kijana aliruka tena. Akaruka hadi damu ikamtoka puani, kisha akautupa mpira mbali.

"Umefanya hivi kwa sababu ya ndugu yako!" alifoka. "Watu wameniambia. Hutaki mtu mwingine aimbwe. Nimeandika nyumbani, mwalimu! Baba yangu kule Kasama amewasomea majirani barua yangu!"

"Ndiyo maana nakwambia leo, hapa, tukiwa wawili. Yeye aliambiwa na watu wengi wakicheka."

"Kwa hiyo mimi bure. Sijui kitu."

"Kaa." Abrahamu alimwonyesha lile jiwe, naye mwenyewe akakaa juu ya kifusi. "Ulipokuja, mpira ulikuwa unakupiga kifuani. Sasa unaudaka ukiwa nyuma yako. Unatoa pasi hata mimi sijaiona njia yake. Ukisimama pale mbali ukarusha kwa utulivu, unafunga, na pale nimekuona ukifunga kabla ya Saba Saba. Hayo ni yako. Hata wakuhamishie milimani, utakwenda nayo. Kupaa ni kwa kifusi. Kiache hapa na kifusi."

"Lakini kupaa ndiko wanakokuja kutazama."

Abrahamu aliinuka, akashika beleshi. Chishimba alijifuta damu kwa mkono. Kisha aliufuata mpira. Alisimama mbali, akarusha. Haukufika. Akarusha tena.

Watu walipoliona shimo walikasirika. Balozi alisema ni kuharibu mali ya wananchi. Jayantilal naye kwa wiki nzima hakuagiza chai ya fundi pamoja na yake. Abrahamu alimweleza mama yake yote, taratibu, akirudia. Severina alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo mwanangu hakushindwa."

"Hakushindwa, mama. Tulimdanganya."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nani?"

"Si anakuja kila jioni?" alisema kikongwe, kama anayeshangaa ujinga wa mtoto wake.

Walikwenda Iringa mwezi wa nane, wakalala Kihesa katika nyumba ya mwenyeji mmoja, baridi ikiwatafuna mifupa. Kesho yake kiwanja cha sementi kilizungukwa na watu. "Kamwene! Kamwene!" walisalimiana wenyeji, na kijana mmoja akapaza sauti: "Jamani, yuko wapi ndege wa Mbeya? Tumeleta mtama!"

Lori la pili lilikuwa limejaa mashabiki wa Mbeya. Mchezo ulipoanza waliimba "Paa! Paa!" kila Chishimba alipoushika mpira. Mara ya kwanza njia ilifunguka mbele yake, nyeupe hadi chini ya kikapu. Abrahamu aliona miguu ya kijana ikijikusanya kwa kuruka. Akaona, au alidhani ameona, kivuli cha pili kikijikusanya pamoja naye juu ya sementi. Alishindwa hata kufumba macho.

Chishimba alisimama. Akampa pasi mwenzake aliyekuwa peke yake pembeni, mwenzake akafunga.

Hakupaa hata mara moja. Alidaka, aligeuka, alitoa pasi, alirusha kutoka mbali, mingine ikaingia, mingine ikatoka. Wahehe walipoona hivyo waliacha mizaha wakaanza kumkaba kwa heshima, wawili wawili. Mbeya ilishindwa, lakini hadi filimbi ya mwisho Iringa haikupumua. Yule mgeni wa kutoka Dar es Salaam aliandika majina ya vijana wengine, wa Iringa. Hakuandika la Chishimba.

Watu wa Mbeya ndio waliozomea. "Rudisha nauli zetu! Mzambia anayepaa nyumbani tu!" Wimbo waliomtungia waliugeuza maneno pale pale, wakauimba njia nzima tangu Mafinga. Ndivyo sifa ya watu ilivyo: huwezi kuikopa bila riba ya matusi. Chishimba alikaa pembeni ya lori, kichwa kati ya magoti. Jayantilal alitoa koti lake akamfunika. Hakumtazama Abrahamu.

Jua lilikuwa linashuka upande wa Usangu malori yaliposimama Igawa, penye daraja. Siku hizi barabara ilikuwa ya lami, lakini majani yalikuwa yale yale.

"Nakwenda kuchimba dawa," alisema Chishimba, akaruka chini.

Aliingia majani. Majani yalijifunga nyuma yake.

Hakuna aliyeimba tena. Waliokuwamo katika safari ile ya zamani walitazama mbele, na wasiokuwamo walikuwa wamesikia. Madereva walizima injini bila kuombwa. Abrahamu alishuka, akasimama ukingoni mwa lami. Upepo ulipita juu ya majani ukayalaza, ukayainua. Mto ulisikika. Kisha, mbali, huko ndani ambako hakuna sakafu wala ardhi iliyoshindiliwa, akasikia mpira ukidunda.

Alifungua mdomo amwite kijana kwa jina lake, lakini jina lililotoka lilikuwa jingine.

"Jailos!" Sauti yake ilipasuka. "Jailos! Ilikuwa ardhi! Hukushindwa, ilikuwa ardhi!"

Kule ndani kudunda kukakoma.

Lorini mtu alianza kulia, na Abrahamu alijua bila kugeuka kwamba ni Jayantilal.

"Eya mukwai," majani yaliitikia.

Chishimba alitoka akifunga mkanda, soksi zimejaa miiba. Aliwatazama watu wote waliokuwa wakimtazama. Hakuuliza kwa nini ameitwa kwa jina la mtu mwingine. Alikuja akamshika mwalimu wake mkono, kama anavyoshikwa mzee anayevushwa barabara, wakapanda wote wawili. Dereva aliwasha injini. Abrahamu aliendelea kutazama nyuma hadi daraja likapotea, kwa sababu majani yalikuwa bado yanatikisika mahali pale kijana alipotokea, na upepo ulikuwa umetulia.

Nyumbani Severina alikuwa amekaa mlangoni. Alihesabu nyayo zao kwa masikio.

"Mmerudi wote?"

"Tumerudi, mama."

"Basi umemwambia," alisema. Aliinuka, akamwambia mkwewe achemshe maji na awaite majirani. Asubuhi yake waliweka matanga ya Jailos.